Barua ya wazi kwa wanaopanga safari za utafiti kwenye barafu za dunia: anzieni stoo

Nairobi

Kwa wakuu wa programu za kitaifa za utafiti wa Antaktika na Aktiki,
Kwa kamati zinazoandaa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2032–33,
Na kwa Wizara ya Elimu, Wizara ya Mambo ya Nje na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hapa nyumbani.

Waheshimiwa,

Matangazo ya nafasi za utafiti kwenye ncha za dunia hutufikia hapa Nairobi yakiwa na maneno ya ukarimu: waombaji kutoka Afrika wanakaribishwa. Tunayapokea kwa moyo mweupe. Lakini baina ya kukaribishwa na kufika kambini ukiwa mzima, kifaa chako mkononi na jina lako kwenye matokeo, kuna fomu ya daktari, dirisha la viza, rafu ya buti na swali la nani anashika simu ya setilaiti. Huko ndiko watu wetu wanakoachwa. Wengi wao hawakushindwa na baridi, maana hata hawakuifikia.

Tunaandika sasa kwa sababu mwaka 2032 unaonekana mbali ilhali hauko mbali. Nafasi za meli, mafuta ya ndege na oda za nguo hupangwa misimu miwili au zaidi kabla ya safari, na kitu kisichoingia kwenye orodha ya stoo mapema hakipatikani tena, kwani barafuni hakuna duka. Na barafu hiyo inatuhusu. Barafu ya Antaktika ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari kuielekea. Ikipungua, mvuto wake unalegea na maji yanasogea mbali nayo, hivyo pwani za mbali, za Bahari ya Hindi zikiwemo, hupata kina kinachozidi wastani wa dunia. Lamu na Mombasa zimo humo. Watu wa huko wana haki ya kuwa na mtu wao kwenye kikosi kinachopima.

Tuanze na viza. Svalbard, visiwa vya Aktiki, iko chini ya Norwei lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na yenyewe haidai viza. Ila ndege ya kwenda Longyearbyen, mji wa Svalbard, hupitia Norwei bara. Mtafiti anayetoka Nairobi basi anaingia Schengen, anatoka anapopanda ndege ya Svalbard, kisha anaingia tena akirudi. Mwenye viza ya kuingia mara moja atazuiwa asipande, au akifika huko atakwama. Barua ya mwaliko isipotaja kwa maneno wazi kwamba inahitajika viza ya kuingia mara mbili au zaidi, karani hutoa ya mara moja, na halaumiwi. Ada ya viza hiyo ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kuvutwa hadi siku 45. Fanyeni hesabu: mwaliko unaotumwa wiki tano kabla ya kozi umeshachelewa siku ulipoandikwa. Tunaomba miezi minne kamili. Tunaomba pia barua itaje nani analipa nauli, malazi na bima, na iwe na namba ya mtu atakayeipokea simu ubalozi ukipiga kuuliza.

Kwa Antaktika, lango lililo jepesi kwetu ni Cape Town. Tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Kutoka hapo meli ya SA Agulhas II huelekea SANAE IV, kituo cha utafiti cha Afrika Kusini, na kuna ndege zinazofika nchi ya Malkia Maud kwa muda wa saa sita hivi. Programu za Ulaya zinazotumia ndege hizo zinaweza kumchukua Mkenya pale pale Cape Town bila kumzungusha kwanza kwenye mikutano ya maandalizi barani kwao, ambayo kila mmoja unadai viza yake. Mafunzo ya kabla ya safari yafanyiwe Cape Town. Jambo hilo moja lingeondoa nusu ya vikwazo vyetu. Angalizo: ndege za Antaktika huahirishwa kwa siku kadhaa, hata wiki, kwa ajili ya upepo na mawingu, na anayengoja mjini bado anazihesabu siku zake 90. Tiketi ya kurudi iwe inayobadilishwa tarehe bila faini, na posho ya siku za kungoja iwepo tangu mwanzo.

Hapo ndipo linapokuja suala la pesa. Utaratibu wa "lipa kwanza, utarudishiwa" unamfaa mwenye akiba. Mwanafunzi wa uzamili wa Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anatakiwa alipie viza, vipimo vya damu, picha ya meno yote, nauli na bima, kisha angoje miezi mitatu. Akikopa, riba haimo kwenye fomu ya kurudishiwa. Lipeni moja kwa moja kwa hospitali na shirika la ndege, au toeni posho ya awali. Bima nayo inunuliwe na programu yenyewe, kwa kuwa bima nyingi za kawaida za safari hazigharamii kumtoa mgonjwa kwa ndege kwenye kambi ya barafuni.

Sasa fomu ya daktari. Zipo fomu zinazouliza kama mtu ana seli mundu, zikiwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wapo watu wengi waliobeba chembe moja ya urithi huo, yaani AS, wasioumwa chochote. Hao si wagonjwa wa SS, waliorithi chembe hiyo kwa wazazi wote wawili. Kwenye mwinuko mkubwa mwenye AS anahitaji tahadhari, hasa akilalamika maumivu ya ubavu wa kushoto, ila hastahili kufutwa orodhani kwa alama moja ya kalamu. Fomu iwe na visanduku vitatu, na majibu yasomwe na daktari anayeijua tofauti hiyo. Vivyo hivyo kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho hukosea zaidi, kikisoma oksijeni kuwa juu kuliko ilivyo. Kituo cha Ncha ya Kusini kiko mita 2,835 juu ya bahari. Mtu mweusi anayeumwa kichwa na kutapika huko asiambiwe arudi kulala kwa sababu kidole chake kimesoma 92. Dalili zitangulie, namba ifuate.

Kuhusu jeraha la baridi tutakaa kidogo, kwa sababu hapa vitabu vya mafunzo vinaweza kumkata mtu vidole. Vingi husema: mtazame mwenzako usoni, ukiona doa jeupe, mkinge upepo. Ngozi nyeusi haifanyi hivyo. Hupauka, ikawa rangi ya majivu, kisha hukakamaa kama nta. Na katika hewa kavu ya barafuni ngozi yetu hupauka hata ikiwa salama, kwa kukosa mafuta tu, kwa hiyo jicho la mwenzako halina cha kulinganisha. Kinachotoa habari ni ganzi. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha ghafla kuuma bila kupata joto, hapo ndipo pa kusimamisha kazi. Wafundisheni wote kukagua kwa kugusa: kila nusu saa kwenye upepo, kila mtu akunje uso, abonyeze ncha ya pua na mashavu, achezeshe vidole vya miguu ndani ya buti na aseme kwa sauti kama anavihisi. Asubuhi na jioni soksi zivuliwe, miguu ikaguliwe kwa tochi na ifutwe ikauke. Mafuta ya kupaka ni mazuri kwa ngozi kavu, lakini yasihesabiwe kuwa kinga ya baridi.

Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumia na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao, mikono na miguu hasa. Tunalisema wenyewe kwa sababu likifichwa huumiza, na likitumiwa kuwafungia watu mlango huumiza pia. Maana yake kazini ni ndogo na inapimika: glavu nyembamba za ndani jozi nne badala ya mbili, glavu kubwa za akiba jozi moja, soksi za sufu jozi mbili za ziada, na zamu fupi kwenye kazi za chuma na vidole vitupu. Kufunga skrubu za mlingoti wa hali ya hewa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri ni kazi ya dakika tano tano kwa kupokezana, na haifai kumalizwa na mtu mmoja anayeona haya kuomba apokewe.

Buti ndizo zinazoharibu zaidi. Stoo nyingi zilijengwa kwa miguu ya wanaume, na namba 36, 37 na 38 hukosekana. Mwanamke hupewa 40 na kuambiwa avae soksi tatu. Mguu unacheza ndani na kutoa malengelenge, na ile soksi ya tatu inabana kifundo na kuzuia damu, kwa hiyo vidole vinapoa ndani ya buti iliyotengenezwa kuvilinda. Chukueni vipimo kwa sentimita miezi minane kabla: urefu wa mguu uliosimama juu ya karatasi, upana wake mahali penye vidole, mzunguko wa kiganja, urefu wa kidole cha kati, kiuno, nyonga, na kimo cha ndani cha mguu. Fundi yeyote wa Nairobi ana futi ya kamba, na vipimo hivyo havichukui robo saa. Msitegemee mtu ajinunulie. Koti la manyoya la mtumba kutoka Gikomba linafaa sana kama nguo ya ndani ya joto, tena kwa bei nzuri, lakini buti za nyuzi 40 chini ya sifuri na koti la kuzuia upepo hazipatikani hapa.

Kisha kuna jambo ambalo watu hulionea haya, na haya hiyo inaleta ugonjwa. Mfikirieni mtafiti mwanamke juu ya barafu yenye nyufa. Amevaa suruali ya mikanda ya mabegani, juu yake koti, juu ya koti mkanda wa usalama uliofungwa kamba. Akitaka haja ndogo inambidi afungue vyote, mgongo na mapaja yakae kwenye upepo dakika mbili tatu, mbele ya wenzake waliofungwa kamba ile ile mita kumi na tano kutoka kwake. Anachofanya mwenye akili timamu ni kuacha kunywa maji. Asiyekunywa maji, damu yake hupungua mwilini, mikono na miguu hupoa upesi, na baada ya siku chache njia ya mkojo inaanza kuwasha. Daktari yuko saa kadhaa za ndege kutoka hapo, hali ya hewa ikikubali.

Tiba yake ni nguo. Suruali iwe na zipu ndefu inayopita katikati ya miguu hadi nyuma, na mkanda wa usalama uwe wa aina ambayo vitanzi vya mapaja hufunguka kwa nyuma bila kuufungua mkanda wa kiuno. Kila anayehitaji apewe faneli mbili za kukojolea akiwa wima, chupa mbili za lita moja zenye mdomo mpana, na ajizoeze bafuni kwao kabla ya safari, maana mara ya kwanza humwagika. Chupa hizo zizungushiwe utepe mnene, ili gizani ndani ya begi la kulalia mkono uitambue na isichanganywe na ya kunywea. Ilale ndani ya begi hilo, la sivyo asubuhi ni jiwe. Pedi zihesabiwe kwa siku zote za safari, kisha ziongezwe nusu, kwa sababu ndege huchelewa. Taka zote hurudi nazo kwenye mifuko miwili miwili, kama zinavyorudi taka nyingine chini ya masharti ya mazingira ya Antaktika, na pipa lake liwe la kambi nzima, asibebeshwe mtu mmoja.

Na maji. Tumewahi kusikia hoja kwamba maji ya kujisafisha ni anasa kwa sababu mafuta ya kuyeyushia theluji ni machache. Tupige hesabu. Kuyeyusha nusu kilo ya theluji ya nyuzi 20 chini ya sifuri na kuifikisha joto la kuoga, kwa jiko ambalo karibu nusu ya moto wake hupotea hewani, hula takriban mililita 20 za mafuta ya taa. Kwa siku 40 haifiki lita moja kwa mtu. Lita moja ndiyo bei ya heshima na ya kuepuka maambukizi. Ongezeni hiyo lita.

Mwaka 1969, Lois Jones na wenzake watatu walipokwenda Antaktika wakiwa kikosi cha kwanza cha wanawake watupu cha Marekani, walikuta miaka mingi ya kizuizi ambacho mojawapo ya sababu zake ilikuwa vyoo na vyumba. Ndiyo maana hatuoni aibu kuandika barua ndefu juu ya zipu.

Nywele na ushungi ni mambo mepesi zaidi, lakini nayo yasimamiwe. Rasta au nywele zilizofungwa fundo kisogoni huinua helmeti nyuma na kuacha paji la uso wazi, na mwamba ukidondoka hupiga hapo hapo. Nywele zisukwe zikilala kichwani kabla ya safari, na stoo iwe na helmeti zinazopanuka kwa nyuma. Jasho ndani ya nywele nene huganda kazi ikisimama, kwa hiyo kofia nyembamba mbili kwa kila mtu, moja ikikauka hemani. Kwa mwanamke Mwislamu, ushungi wa sufu nyembamba ulioshonwa kama kofia hauna ncha inayoning'inia, basi haunaswi na winchi wala hauingii kwenye jiko. Fundi anaushona kwa saa moja.

Ramadhani inahitaji kalenda. Mfungo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na sasa unaingia kwenye kiangazi cha Antaktika. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, ya Januari na inayoanza mwishoni mwa Desemba. Mwaka 2032 inatarajiwa kuanza mapema Desemba, yaani katikati ya kazi ya Mwaka wa Ncha za Dunia, mahali ambapo jua halitui. Wanazuoni wamekwisha kulitolea majibu: watu hufuata saa za Makka, au za mji wa karibu ambao usiku na mchana hutengana, na msafiri anayo ruhusa ya kula akalipa baadaye. Uamuzi ni wa mfungaji na shehe wake, na ufanywe kabla meli haijang'oa nanga, bila mkuu wa kambi kumuuliza mbele ya watu. Kazi ya kambi ni kupanga: chakula cha halali kiagizwe kwa maandishi (nyama za mikebe na vitu vyenye jelatini ndivyo vinavyoteleza), siku za kuvuka nyufa ziwekwe mbali na siku ndefu za njaa, na chupa ya moto iwepo saa ya kufuturu. Kwa udhu, msafiri aliyevaa soksi za ngozi akiwa na udhu ana ruhusa ya kupangusa juu yake kwa siku tatu, basi haina haja kumvua mtu buti kwenye baridi. Kibla kitafutwe kwa GPS, kwa kuwa dira hubabaika karibu na ncha ya sumaku.

Tunakuja kwenye zito kuliko yote. Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani kuhusu programu yao ya Antaktika ilisema asilimia 59 ya wanawake waliohojiwa walikuwa wamekumbana na unyanyasaji au kushambuliwa kingono huko, na asilimia 72 walisema ni tatizo la mahali hapo. Hiyo ni nchi iliyoandika ukweli wake, na tunaiheshimu kwa hilo. Sababu moja inajulikana: kambini mkuu wa kambi ndiye msimamizi wa shahada yako, ndiye anayeandika barua ya kukupendekeza, na ndiye anayeshika simu. Malalamiko yote yanapita kwa mtu ambaye pengine ndiye anayelalamikiwa. Kwa mwanafunzi ambaye viza yake imetokana na barua ya mtu huyo, kunyamaza ndiko kunakoonekana salama.

Kwa hiyo kila mtu, awe profesa au mpishi, ashike kifaa chake mwenyewe cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, chenye mtandao unaofika kwenye ncha, maana setilaiti zilizosimama juu ya ikweta hazionekani ukiwa karibu na ncha. Betri zilale mfuko wa ndani, zikipoa hufa. Kabla ya safari apewe majina ya watu wawili wasio wa kikosi hicho, mmoja akiwa anazungumza Kiswahili na yuko saa za Nairobi, na neno la siri ambalo likitumwa lina maana moja tu: niondoeni kwa ndege ijayo. Anayelituma asitakiwe kueleza sababu wala kuomba ruhusa kwa mkuu wa kambi, na siti yake ihesabiwe kama ya mgonjwa. Nauli ya kumrudisha isikatwe kwake. Mpangilio wa mahema ujadiliwe kwa kila mtu peke yake kabla ya kuondoka, na pawepo hema moja la ziada, ili anayetaka kuhama asihitaji mwenzake akubali. Hema la piramidi la watu wawili ni zito, tunajua. Libebwe.

Vigezo vya kuchagua watu navyo vinahitaji kusomwa upya. "Uzoefu wa kuteleza kwenye theluji" unapima mahali mtu alipozaliwa. Svalbard, nje ya makazi, sheria inadai kifaa cha kuwatisha na kuwafukuza dubu, na kubeba bunduki hupendekezwa. Kwetu raia wa kawaida hashiki bunduki, na ni vyema hivyo, kwa hiyo mfundisheni kuanzia sifuri kama chuo cha UNIS kinavyofanya, msimnyime alama kwa kutoijua. Mengine tunaweza kuyafanya hapa. Kumtoa mtu kwenye ufa kwa kapi za tatu kwa moja, zinazopunguza uzito hadi theluthi, hufundishwa vizuri kwenye miamba ya Lukenya. Kutembea na meno ya chuma kwenye buti hujifunzwa juu ya barafu ya Lewis, Mlima Kenya, maadamu ipo: ilipopimwa 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo iliokuwa nao 1934. Na chumba cha kugandishia samaki cha nyuzi 18 chini ya sifuri ni maabara tosha ya kumzoeza fundi kubadilisha betri za kifaa cha kurekodi akiwa na glavu. Hapo ndipo hugundua kwamba waya wa plastiki ya kawaida hukakamaa na kupasuka, na skrubu ndogo haishikiki. Bora agundue hilo Nairobi.

Hata hatari za hema zifundishwe kwa tunachokijua. Hakuna mtu wa mjini hapa asiyejua habari ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Hema la barafuni ni chumba hicho hicho: mvuke wa chungu huganda kwenye tundu la juu, theluji huziba chini, na gesi ile isiyo na harufu hujaa. Tundu lipitishwe mkono kabla ya kuwasha na kila baada ya dakika kumi, na moto ukigeuka wa manjano jiko lizimwe.

Kwa wenye ulemavu na wenye watoto wadogo tuna ombi fupi. Ratiba ya kuripoti kambini isitegemee redio ya sauti peke yake, ili kiziwi aripoti kwa ujumbe na taa. Msimu ugawanywe wiki nne nne kwa wanaopanda ndege, kuliko kumlazimisha mzazi miezi mitatu ya meli. Na anayebaki Kasarani kwenye picha za setilaiti za RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani, akichora mipaka ya barafu ambayo kikosi kitaipita, aandikwe miongoni mwa waandishi wa matokeo. Upande wa Aktiki, msisahau kwamba wapo wenyeji. Wainuiti wa Kanada walitoa mkakati wao wa utafiti mwaka 2018, wakidai kuamua wenyewe nini kinachunguzwa kwao na takwimu zinakaa wapi. Sisi tunaojua maana ya sampuli kuondoka na mgeni bila kurudi tunasimama nao.

Mwisho, nyumbani. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini tarehe 1 Desemba 1959, na ibara yake ya 13 inaruhusu mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa kujiunga. Kutoka Afrika yumo Afrika Kusini peke yake. Kujiunga hakudai meli wala kituo, kunadai hati ya kujiunga iwasilishwe kwa serikali ya Marekani ambayo ni mtunzaji wa mkataba. Kenya, mwenyeji wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, ingeingia mkutanoni kama msikilizaji mwenye kiti, na watafiti wake wangekuwa na wizara ya kuwaandikia barua ubalozini. Tunaiomba Wizara ya Mambo ya Nje ipeleke suala hilo kwenye Baraza la Mawaziri mwaka huu wa fedha, na NACOSTI iteue afisa mmoja wa kushughulikia mialiko, viza na posho za awali.

Kwa programu za nje, ombi la kwanza ni dogo. Tutumieni fomu yenu ya daktari, orodha yenu ya nguo pamoja na namba za buti zilizomo stoo, na kanuni yenu ya malalamiko. Tutazisoma mstari kwa mstari na kuzirudisha na masahihisho ndani ya siku 30, bila malipo.

Wenu,
Watafiti, wahandisi na mafundi wa vifaa vya kupimia hali ya hewa na barafu,
Nairobi